Karatasi Iliyobaki Kwenye Boksi

Mama yule hakuumizwa na kiwanda cha dawa. Niliyemuumiza ni mimi, mtoa dawa wa duka la dawa muhimu mkoani Tanga, na nilimwacha mumewe aamini kwamba hakuna wa kuulizwa.

Alikuja jioni, duka limejaa, akaomba vidonge vya majira. Nikiwa nimeshanyoosha mkono kwenye rafu akasema, "Mdogo wangu, mguu huu uliwahi kunivimba nilipojifungua, wakawa wananichoma sindano za tumboni." Nikamwambia wazazi wengi huvimba miguu, nikapokea hela, nikamwita anayefuata.

Sindano za tumboni baada ya kujifungua! Mara nyingi hizo ni za kuzuia damu isigande, na mtu ambaye damu yake imewahi kuganda kwenye mishipa hapewi kidonge chenye estrojeni, kama hicho alichoomba. Hilo nilifundishwa. Nilipaswa kumuuliza maswali mawili matatu, nimpime presha, kisha nimwelekeze kituo cha afya wamchagulie njia nyingine, maana zipo.

Hata onyo lililochapishwa halikumfikia. Boksi letu lilikuwa na pakiti 3 na karatasi moja ya maelezo. Wateja hununua pakiti mojamoja, vidonge 21 vya homoni na 7 vya madini ya chuma, na karatasi inabaki ndani. Boksi likiisha, linatupwa pamoja na karatasi yake. Ndivyo nilivyouza miaka yote, na nilijua.

Baadaye alirudi, kigimbi kimoja kimevimba, kina moto, kinauma akikanyaga. Nikamuuzia diklofenaki ya kupaka. Haikupita muda akabanwa kifua na kukosa pumzi, akakimbizwa hospitali. Bonge la damu lilikuwa limetoka mguuni likaziba mshipa wa pafu. Amepona, namshukuru Mungu, lakini anaishi kwa warfarini na kupimwa damu kila mara, na biashara yake ya samaki ameiacha kwa sababu mguu hauvumilii kusimama.

Sisemi haya ili mtu atupe vidonge vyake. Katika wanawake 10,000 wanaotumia vidonge hivi kwa mwaka, wanaopata damu kuganda ni kati ya 3 na 9. Kwa wasiotumia na wasio wajawazito ni 1 hadi 5, na kwa wajawazito ni 5 hadi 20. Kwa wengi kidonge ni salama kuliko mimba yenyewe. Mama huyu hakuwa miongoni mwa hao wengi, na alinieleza kwa kinywa chake.

Mumewe alikuja dukani. "Dada, nasikia Marekani wanawake walifungua kesi wakalipwa. Sisi hatuna pa kwenda?" Nikamjibu kuwa hiyo ni Marekani, huku madhara ya dawa ni kudra. Akanishukuru, akaondoka. Hapo ndipo ninapoona aibu kuliko penginepo pote, maana mguu nilikosea kwa haraka, lakini jibu lile nililipanga.

Kesi alizozisikia zilihusu vidonge vya Yaz na Yasmin. Walalamikaji walidai kwamba kampuni ya Bayer haikuwaonya vya kutosha kuhusu damu kuganda; kampuni ililipa zaidi ya dola bilioni 1 kumaliza maelfu ya madai bila kukiri kosa, na mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikataka onyo kwenye vidonge vya aina hiyo lipewe uzito zaidi. Kwetu onyo lilikuwepo. Lilikuwa kwenye boksi, chini ya kaunta yangu. Kwa hiyo asingehitaji kukishtaki kiwanda cha ng'ambo. Wa kumdai alikuwa amesimama mbele yake akimpa pole.

Ningeweza kumwambia kwamba mamlaka ya dawa ya hapa kwetu, TMDA, hupokea taarifa za madhara ya dawa, hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe. Kwamba Baraza la Famasi ndilo linalotusimamia sisi watoa dawa. Kwamba tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada bure. Na zaidi ya yote, kwamba Tanzania Bara madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, kwa hiyo atunze cheti cha hospitali na pakiti ya vidonge, asikae. Nilinyamaza mpaka miaka hiyo ikapita.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwao, nikawaeleza yote. Mumewe alitoka nje. Mama aliniuliza jambo moja tu: kwa nini nilimkatiza alipokuwa anasema. Sikuwa na jibu zaidi ya foleni. Niliwaachia maelezo yangu yaliyosainiwa, yenye jina langu kamili, jina la duka na mwaka, wayapeleke Baraza, au kwa wakili awaambie kama bado kuna njia. Taarifa ya TMDA nimeijaza mwenyewe.