Sikio na Ulimi

Jumatatu, 21 Julai 2025
Kipindi cha Kiswahili nilimwita mtoto mmoja wa darasa la tatu mwenye kigugumizi asome. Silabi ya kwanza ikamkaba, mishipa ya shingo ikamsimama, wenzake wakaanza kunong'ona. Nikaagiza darasa zima lisome pamoja naye. Akamaliza aya yote bila kukwama. Aliposoma peke yake, kigugumizi kikarudi. Ulimi ule ule, maneno yale yale. Kilichobadilika ni sauti zilizokuwa zikiingia masikioni mwake.

Jumatano, 23 Julai
Nimevuka kwenda Mwanza kwa kivuko cha Kamanga. Karibu na injini kila mtu alikuwa akipaza sauti, na hakuna aliyeambiwa apaze. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hili mwaka 1911: kelele zikimzuia mtu asijisikie, sauti yake hupanda bila yeye kukusudia. Jambo hilo likawa kipimo cha kuwaumbua waliojifanya viziwi. Walitakiwa kusoma kwa sauti huku wakipigiwa kelele masikioni. Kiziwi wa kweli sauti yake haikubadilika, mwongo ikampanda. Kumbe kila tunachosema hurudi kukaguliwa na sikio, na ubongo ukarekebisha papo hapo.

Ijumaa, 25 Julai
Mkutano wa wazazi, uwanjani. Spika moja ilifungwa karibu na meza, nyingine mbali kule barabarani. Niliposhika maiki, sauti yangu ikawa inanifikia kwa kuchelewa, nami nikajikuta navuta maneno na kurudia silabi. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo umbali wa mita 68 humfikishia msemaji sauti yake baada ya sehemu ya tano ya sekunde. Ucheleweshaji wa kiasi hicho huvuruga sana. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alionyesha kwamba watu wasemao vizuri wakicheleweshewa sauti zao hukwama mfano wa wenye kigugumizi. Na baadhi ya wenye kigugumizi, wakifanyiwa hivyo hivyo, usemi wao hunyooka!

Baada ya mkutano mama wa yule mtoto alinifuata. "Mwalimu, nyumbani wanasema ni woga tu, akichapwa ataacha."
"Hapana, mama. Woga hukizidisha, lakini si uliokileta. Msimchape, msimcheke, wala msimmalizie neno. Msubirini."

Jumapili, 27 Julai
Nilifikiria kumrekodi mtoto huyo kwa simu ajisikie, nikaliacha wazo hilo. Mtu anapoongea hujisikia kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya fuvu, na mifupa huikoleza sauti nzito. Simu hunasa ile ya hewani peke yake, ndiyo maana wengi wetu huzikataa sauti zetu kwenye rekodi. Sitaki huyu aikatae yake.

Najua kusoma kwa pamoja hakuponyi kigugumizi. Nafuu hukoma wenzake wanaponyamaza. Lakini Jumatatu iliyopita alisikia sentensi yake mwenyewe ikifika mwisho, na jambo hilo anastahili kulipata kila siku, huku tukimtafutia mtaalamu wa usemi. Nimeandika kwenye andalio la somo la kesho: kusoma wawili wawili, darasa zima, asije akaonekana ametengwa. Yeye atakaa na rafiki yake asomaye taratibu. Nitasimama nyuma, niwaache wamalize.