Uzazi wa Bahari

Msimu mmoja wa kusi, wavuvi wa Gazi, kati ya Diani na Msambweni, walirudi pwani mara nyingi na matenga matupu. Babu yangu, aliyevua tangu utotoni, aliniambia, "Mjukuu wangu, bahari imekuwa tasa." Neno hilo liliniuma, kwa kuwa nalikuwa mwanafunzi wa elimu ya bahari, na kazi yangu ilikuwa kupima jambo lilo hilo.

Chakula cha dagaa na cha makinda ya samaki wengi ni wanyama wadogo waeleao majini, waitwao zuplanktoni. Walio wengi ni kopepodi, jamaa za kamba, na aghalabu hawafikii milimita mbili. Tuliwakokotea wavu wa kitambaa chembamba, na kinywani mwake palikuwa na kipimo cha maji yaliyopita. Wataalamu wa mataifa mengi waliochunguza Bahari ya Hindi kuanzia 1959 hadi 1965 walitumia wavu wa namna moja, ili hesabu zao zilingane.

Lakini wingi si uzazi. Kisima kitekwacho kutwa huonekana kina maji haba, ijapokuwa chemchemi yake haijakoma. Ndivyo walivyo viumbe waliwao kila saa. Basi nilitia majike 20 katika chupa za maji ya bahari yaliyochujwa. Baada ya saa 24 nilitazama kwa hadubini, nisione hata yai moja. Nikaandika sufuri, nikasema moyoni kuwa Babu amesema kweli.

Mwalimu wangu alilitazama daftari, akauliza, "Mayai yalikuwa na mahali pa kuponea?" Ndipo nilipojua kwamba jike wa jamii ile, akifungiwa pamoja na mayai yake, huyala. Siku ya pili nalitia kichujio ndani ya kila chupa. Mayai yakapita chini, majike wakabaki juu. Asubuhi niliyahesabu mpaka macho yakaniuma, nikagawanya kwa 20, nikapata uzazi wa jike mmoja kwa siku.

Nilimrudia Babu. Chupa chache hazitoi habari za bahari nzima, wala sikuweza kumweleza kwa nini samaki wamepungua. Nilimwambia moja tu: bahari yazaa.

Akautazama wavu wake wa matundu madogo, akasema, "Basi huenda sisi ndio tulao watoto."

Tangu siku hiyo, nikipata sufuri, hukagua chupa yangu kwanza kabla ya kuilaumu bahari.