Ukitaka Kisu cha Safari, Pitia kwa Wahunzi wa Mamba

Kulala hemani si jambo la watalii peke yao. Walimu huwachukua wanafunzi wao, maskauti huenda na viongozi wao, na familia nyingi hupenda kutumia siku mbili tatu za mapumziko penye hewa safi. Katika matayarisho watu huhangaikia hema, blanketi, taa na vyakula. Kisu hukumbukwa gari likiwa limekwisha kuwashwa moto, na mara nyingi huchukuliwa kile kile cha jikoni. Ubovu wake huonekana huko huko mbali na duka na mbali na zahanati: mpini unalegea, bapa linachomoka, na mkono unapata jeraha.

Ukitaka kujua jinsi ya kuchagua kisu cha safari, kile kisichokunjwa, ambacho bapa na mpini wake ni kitu kimoja daima, nakushauri ufike Mamba, Uchaggani, ujifunze kwa wanaovifua.

Njia ya Mamba

Kutoka Moshi shika barabara ya Himo. Hapo Himo uiache ile iendayo Holili na mpaka wa Kenya, upinde kushoto na kuanza kupanda mlima. Ukifika Marangu Mtoni, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka Moshi, njia hugawanyika: moja yaendelea kupanda hadi lango la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na nyingine yapinda kulia kuelekea Mamba, Mwika na Rombo. Huku joto la tambarare umekwisha kuliacha. Pande zote mbili ni vihamba vya migomba na mibuni, na katikati yake hupita mifereji iliyochimbwa na mababu kuteremsha maji kutoka msituni.

Sifa ya wahunzi wa Mamba ni ya tangu zamani, nayo ilivuka mipaka ya Uchaggani, kwani Wamasai wa tambarare walikuwa wakijipatia kwao mikuki. Chuma chenyewe kilitoka mbali. Kiasi kikubwa kiliyeyushwa Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, nyumbani kwa Washana, ukoo uliosifika kwa uhunzi, kisha kikapandishwa mlimani kwa biashara. Katika karne ya 19 misafara ya pwani nayo ilileta nyaya za chuma. Siku hizi mhunzi hutafuta chuma chake katika magari mabovu, na hasa hupenda springi.

Uingiapo kiwandani mwa mhunzi, usianze kwa kuuliza bei. Mwamkie, omba ruhusa ya kutazama, kisha ukae kando ya moto. Utaona makaa, mivukuto, fuawe, koleo na nyundo, na ukitulia utapata mafunzo matatu ambayo hutayasikia kwa mwuza duka.

Chuma gani?

Funzo la kwanza ni kwamba si kila chuma kinachong'aa kinafaa kuwa kisu. Nondo ya kujengea ina kaboni kidogo mno. Hata ukiipasha moto na kuichovya majini, haiwi ngumu ya kutosha, na makali yake hujikunja mara yagusapo fundo la mti. Springi ya gari ina kaboni ipatayo sehemu 6 katika kila sehemu 1,000 za chuma. Kiasi hicho chaonekana kidogo, lakini ndicho kinachoifanya ikubali kugeuka.

Mhunzi huipasha mpaka ipate wekundu wa kahawa iliyoiva mtini, kisha huizamisha ghafla katika mafuta au maji. Hapo chuma huwa kigumu, lakini huwa pia kama kioo: kikianguka juu ya jiwe chaweza kuvunjika. Kwa hiyo hukisugua king'ae, akakirudisha penye joto dogo, na kukitazama kwa makini hadi kipate rangi ya majani makavu ya mgomba. Rangi hiyo yaonyesha kwamba ukali umebaki na uvunjikaji umepungua. Akichelewa mpaka chuma kiwe cha buluu, kitafaa kwa kazi nyingine, lakini makali ya kisu hayatadumu.

Nawe unaweza kujaribu. Omba tupa, uipitishe polepole karibu na makali. Ikiteleza, au ikikwaruza kwa shida, chuma hicho ni kigumu. Ikiuma kwa urahisi na kumwaga vumbi la chuma, kirudishe mahali pake.

Mpini unaficha nini?

Funzo la pili ndilo kubwa kuliko yote, nalo halionekani kwa macho. Bapa lina mkia uingiao katika mpini, uitwao msuka. Visu vingi vya rahisi vina msuka mwembamba kama msumari, mfupi usiofika hata nusu ya mpini, umeshikwa kwa gundi tu. Nyumbani kwa kumenyea viazi, kisu hicho chaweza kukaa miaka. Kambini, siku utakapokikandamiza kwa nguvu kuchonga kigingi cha hema katika mti mgumu, bapa litageuka mkononi mwako.

Basi uliza msuka umefika wapi. Ulio bora ni ule wenye upana wa mpini wenyewe, ukaonekana ukingoni toka mwanzo hadi mwisho, na vipande viwili vya mti vikapigiliwa ribiti kila upande. Ulio mwembamba nao wafaa, mradi upenye mpini wote na kukunjwa au kufungwa nyuma. Shika bapa kwa kitambaa, mpini kwa mkono wa pili, uvitikise. Pakisikika mlio wowote, usinunue.

Umbo na ukubwa

Funzo la tatu ni kuijua kazi. Kwa wahunzi utaiona sime, nawe utaitamani, kwa kuwa ni nzuri machoni. Lakini sime ina makali pande mbili, nayo ni silaha. Kisu cha kambini kiwe na makali upande mmoja tu, ili uweze kuweka kidole gumba juu ya mgongo wake na kusukuma. Bapa la sentimita 10 au 12 latosha, na unene wa milimita 3 au 4. Mpini ujaze kiganja bila kukibana. Kwa hiyo, kama kisu ni cha mama au cha kijana, mnunuzi na awe yeye mwenyewe, si baba kwa niaba yake.

Usisahau ala. Iwe ya ngozi nene, ifunike bapa lote, na iwe na kamba ya kukizuia kisu kisichomoke. Chuma cha springi hushika kutu. Kifute kila baada ya kazi, ukipake mafuta kidogo, hata ya nazi yafaa.

Kambini

Kazi ya kisu ni kukata kamba, kuchonga vigingi, kupasua vijiti vikavu na kutayarisha chakula. Si kazi yake kuangusha miti. Ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro kukata kuni ni marufuku, nawe uwafundishe wanao sababu yake: maji yajazayo mifereji uliyoiona Mamba hutoka katika msitu huo huo.

Wazee walisema, mwana akililia wembe mpe. Siku hizi tumpe pamoja na mafunzo. Achonge akiwa ameketi, viwiko juu ya magoti, akisukuma makali kwenda mbele. Kamwe asichonge kati ya mapaja, kwani humo hupita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatika, dakika chache zatosha kumwua mtu. Akimpa mwenzake kisu, atangulize mpini. Akiinuka kutembea, kisu kiwe kimo alani.

Kisu cha Mamba huenda kisiwe na mng'aro wa kile cha dukani, na alama za nyundo huenda zikaonekana mgongoni mwake. Lakini utakuwa umemwuliza aliyekifua chuma chake kilitoka wapi na msuka wake umefika wapi. Na mpini ukilegea baada ya miaka, utajua pa kukirudisha.