Gerezani, Kabla ya Safari ya Mikumi

Ndugu msomaji, iwapo umenunua gari lililokwisha kutumika Japani, inua zulia la buti kabla hujawapakia watoto kwa safari. Huenda usikute tairi la akiba. Magari mengi ya siku hizi huuzwa bila tairi hilo ili uzito upungue. Badala yake huwekwa pampu ndogo na chupa ya gundi. Gundi huziba tundu la msumari, lakini ubavu uliopasuka hauiwezi. Nayo barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa zipatazo 50, na tembo hawamngoji fundi.

Basi shika njia ya Gerezani, jirani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Kila muuzaji wa rimu atakuapia kuwa yake ndiyo. Usiamini macho, nenda na vipimo.

Kwanza, hesabu nati. Gari moja lina nati 4 kwenye duara la milimita 100, jingine nati 5 kwenye duara la milimita 114.3. Tazama pia tundu la katikati: rimu ya Toyota yenye tundu la milimita 60.1 haiingii katika kitovu cha Honda chenye milimita 64.1.

Pili, soma ubavu wa tairi. Maandishi 195/65R15 maana yake ni upana wa milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Chagua kipimo kile kile cha magurudumu yako. Ukipewa tairi jembamba la muda, kumbuka kwamba kwa kawaida halipaswi kuzidi mwendo wa kilometa 80 kwa saa.

Tatu, ulizia umri. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mpira huzeeka hata kivulini. Tarakimu 2319 zilizo mwishoni mwa alama ya DOT zamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi alifunge mbele, kisha nyuma, alizungushe kwa mkono, lisiguse breki. Hakikisha nati zako zinaikaa vema rimu hiyo, kwani za aloi na za chuma huweza kutofautiana. Mwisho, nunua jeki na spana, kwani gari lililouzwa bila tairi la akiba mara nyingi halina navyo.