Wangemchukua Mahomes! Programu ndogo kuhusu majuto ya Chicago Bears

Leo naomba tuweke kando mambo ya hifadhidata tuzungumze mpira. Si mpira wa Gor na Leopards, bali ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai. Nina binamu anayeishi Chicago na ni shabiki sugu wa timu ya Chicago Bears. Kila Aprili ikifika hunitumia ujumbe ule ule: "Tungemchukua Mahomes." Hana salamu wala kwaheri. Ni hayo tu.

Kwa wasioufuata mchezo huo, Aprili ndio mwezi wa drafti. Si drafti ile ya vizibo vya soda tunayocheza chini ya mwembe. Hii ni shughuli ya siku tatu ambayo timu 32 za ligi ya NFL huchagua wachezaji wapya kutoka vyuo vikuu, moja baada ya nyingine, kwa raundi saba. Iliyofanya vibaya msimu uliopita hutangulia kuchagua. Zamu ni mali: unaweza kuiuza au kuibadilisha kwa nyingine.

Tarehe 27 Aprili 2017, drafti ikifanyika Philadelphia, Bears walikuwa na zamu ya 3. Meneja wao mkuu, Ryan Pace, akawapa San Francisco 49ers zamu hiyo ya 3, pamoja na ya 67, ya 111, na zamu ya raundi ya tatu ya mwaka 2018. Alipewa nini? Zamu ya 2. Hatua moja tu mbele! Akaitumia kumchukua Mitchell Trubisky wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Trubisky alikuwa kotabeki, yaani yule anayeshika mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua autupe kwa nani. Ndiye ubongo wa timu.

Jioni hiyo hiyo Kansas City Chiefs walipanda kutoka zamu ya 27 hadi ya 10 wakamchukua kotabeki mwingine, Patrick Mahomes. Houston Texans nao wakapanda kutoka ya 25 hadi ya 12 wakamchukua Deshaun Watson. Mengine mnayajua. Mahomes ameipa Chiefs ushindi wa Super Bowl mara tatu, mwaka 2020, 2023 na 2024. Trubisky aliondoka Chicago baada ya msimu wa 2020, na Pace akafutwa kazi Januari 2022.

Sasa mimi ni mtu wa msimbo, na mtu wa msimbo akisikia lawama ileile kila mwaka hutaka kuipima. Jumamosi moja nikakaa na tarakilishi yangu nikaandika programu ndogo ya kurudia drafti ya 2017. Sheria zake ni rahisi. Chukua majina 32 ya raundi ya kwanza, kila jina lipe alama kwa kazi aliyoifanya baadaye, kisha kila timu kwa zamu yake ichukue mwenye alama nyingi kati ya waliobaki. Kotabeki nikawaongezea uzito kidogo, kwa sababu ndivyo mchezo wenyewe ulivyo.

Mnajua Bears walimpata nani? Si Mahomes! Alikwenda Cleveland Browns, waliokuwa na zamu ya 1. Na hapo ndipo lawama ya binamu inapoanza kuvuja. Anaposema "tungemchukua Mahomes", anawapa Bears macho ya kuona kesho, lakini timu nyingine zote anaziacha gizani. Ukweli ni kwamba timu tisa zilichagua kabla ya Chiefs, na hakuna hata moja iliyomtaja Mahomes. Kama kungekuwa na tochi, ingewamulikia wote.

Nilipomtumia matokeo hakufurahi. Akanijibu: "Basi wape tochi Bears peke yao." Sawa, nikafanya toleo la pili. Mahomes akaenda Chicago. Lakini programu ikanikwamisha hapo, kwa sababu ilinibidi nimpe alama zake zile zile za Kansas City, na hakuna aliyenipa ruhusa hiyo. Kansas City alikaa msimu mzima wa 2017 nyuma ya Alex Smith, akaanza mechi moja tu, chini ya kocha Andy Reid. Mwaka uliofuata akatupa pasi 50 za mabao. Chicago, kwa upande wake, Trubisky aliachwa benchi mechi nne tu kisha akasukumwa uwanjani, na kocha wake, John Fox, akafutwa kazi msimu ulipoisha. Ukibadilisha kigezo kimoja katika programu ya zamani huwezi kudhani mistari mingine yote itabaki kama ilivyokuwa. Yeyote aliyewahi kurekebisha hitilafu saa tano usiku anajua hilo.

Kuna jambo la tatu: jibu linategemea siku unayouliza. Mwisho wa mwaka 2018 Bears walikuwa wameshinda mechi 12 kati ya 16, na Trubisky aliitwa kwenye Pro Bowl, ile mechi ya nyota wa ligi. Wakati huo aliyemlaumu Pace alikuwa na kazi ngumu. Kwa muda mrefu Watson naye alitajwa kama jibu la pili sahihi. Kisha mwaka 2022 akahamia Cleveland kwa mkataba wa dola milioni 230, zote zimehakikishwa, na mwaka huo huo akafungiwa mechi 11 kufuatia tuhuma za wanawake kadhaa. Swali ni lile lile, tarehe tatu, majibu matatu.

Je, ina maana Pace hakukosea? Hapana, msinielewe vibaya. Nasema tu kwamba kosa lake tusilitafute Kansas City. Tulitafute katika mambo yaliyojulikana jioni ile.

Tuanze na bei. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dallas Cowboys chini ya kocha Jimmy Johnson walitengeneza jedwali la thamani ya kila zamu, na timu nyingi zikalifuata. Zamu ya 2 ina pointi 2,600. Ya 3 ina 2,200, ya 67 ina 255 na ya 111 ina 72. Jumlisha tatu hizo upate 2,527, kisha ongeza ile ya mwaka uliofuata. Kumbe kwa jedwali hilo bei haikuwa ya wizi! Alilipa karibu kile ambacho soko lilidai.

Tatizo liko kwenye alichokinunua. Trubisky alikuwa ameanza mechi 13 tu chuoni, msimu mmoja. Hilo halikuhitaji tochi, kila mtu alilijua. Kotabeki watatu walikuwa wanakaribiana machoni pa wataalamu, na Pace mwenyewe mwezi uliotangulia alikuwa amemsajili kotabeki Mike Glennon kwa mkataba wa miaka mitatu. Unapolipa zamu nne ili usogee hatua moja, unasema una uhakika kwamba huyu mmoja anawazidi wenzake kwa mbali. Wachumi Cade Massey na Richard Thaler walichunguza drafti hizi kwa miaka mingi. Waligundua kwamba uwezekano wa mchezaji kumzidi yule aliyechaguliwa baada yake katika nafasi ile ile uwanjani ni zaidi kidogo tu ya kurusha shilingi. Kila timu inanunua mbuzi kwenye gunia. Pace alinunua gunia moja kwa bei ya manne, akiamini ameliona la ndani. Na moja ya zamu alizotoa, ile ya 2018, 49ers waliitumia kumpata Fred Warner, aliyekuja kuwa mmoja wa walinzi bora kabisa wa ligi.

Hilo ni kosa ambalo lingebaki kuwa kosa hata kama Trubisky angetwaa vikombe. Na ni muhimu tuliseme hivyo, kwa sababu mwenye kuumia zaidi katika hesabu ya baada ya tukio huwa ni yule asiyehusika. Trubisky hakujichagua. Hakutoa zamu ya 67 wala ya 111. Alikuwa kijana wa miaka 22 aliyeitwa jina lake, akapanda jukwaani, na tangu siku ile amekuwa akilinganishwa na mtu ambaye hakuwahi kumwomba alinganishwe naye.

Nayaandika haya kwa sababu kazi yetu ina ugonjwa huu huu. Katika mifumo ya kuhifadhi msimbo kuna amri inayokuonyesha kila mstari uliandikwa na nani na lini. Mfumo ukianguka, watu hukimbilia amri hiyo, wakapata jina, wakapumua. Lakini jina halikuambii mwenzako alijua nini siku ile, alikuwa na muda kiasi gani, wala ni njia gani nyingine zilikuwa mezani. Ndiyo maana katika timu yetu tuna daftari la maamuzi. Kila tunapochagua teknolojia, au kijana wa kuja kujifunza kazi, tunaandika mistari mitatu siku hiyo hiyo: tunajua nini, hatujui nini, na tunaacha nini. Mwaka ukipita tunahukumu mistari hiyo kwanza, ndipo tuyatazame matokeo. Ugomvi umepungua sana, na vijana hawaogopi tena kutoa maoni yao.

Na Bears? Machi 2023 walikuwa na zamu ya 1 kabisa. Safari hii, chini ya meneja mpya Ryan Poles, hawakununua uhakika, waliuuza. Carolina Panthers waliwapa zamu ya 9, ya 61, zamu ya raundi ya kwanza ya 2024, ya raundi ya pili ya 2025, na mchezaji DJ Moore. Panthers wakashinda mechi 2 kati ya 17, na ile zamu ya 2024 ikawa ya 1, ambayo Bears walimchukulia kotabeki Caleb Williams. Uamuzi huo naupenda, na ningeupenda hata kama Panthers wangeshinda mechi 12. Magunia mengi ni bora kuliko gunia moja, awe mbuzi wa ndani ametokea kuwa nani.

Haya, mashabiki wa Bears mlioko huko, nasubiri matusi yenu.