Mawimbi ya Kesho, Malindi

Kila siku baada ya swala ya alfajiri, mzee mmoja wa Shela, Malindi, aliketi barazani na kikombe cha kahawa chungu, akaisikiliza bahari. Maji hayakuonekana kutoka pale. Nyumba za majirani na minazi viliyaziba. Mzee alikuwa na masikio yake tu, na mjukuu wa miaka tisa aliyesimama mlangoni amekumbatia kipande cha ubao wa mashua iliyovunjwa.

"Shikamoo, Babu. Leo vipi?"

"Marahaba. Ngoja kwanza."

Mngurumo mzito wenye kunyamaza katikati ulikuwa na maana kwamba mawimbi yanavunjikia nje, mbali, na watoto wasisogee. Mlio wa harakaharaka, kama mtu anayepepeta mchele, ulikuwa wa viwimbi vya upepo visivyobeba hata kifuu cha nazi. Katikati ya hiyo miwili ndipo ilipokuwa siku ya mbao. Mzee akisharidhika alisema neno moja, "Nendeni," au alipiga funda la kahawa akatazama pembeni, na hilo nalo lilikuwa jibu.

Hiyo ilikuwa mapema miaka ya 1980. Mjukuu huyo sasa amepita miaka 50, ana mvi na goti linalomsumbua wakati wa baridi, lakini kusi ikiingia bado huteremka ghubani na ubao. Katika umri wake habari za mawimbi zimetoka masikioni mwa mzee mmoja, zikapitia redioni na kwenye kijitabu cha bandarini, zikaingia kwenye chumba cha intaneti chenye feni mbovu, na sasa zinakaa kwenye simu ya binti yake.

Kwa nini Malindi? Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya imekingwa na mwamba wa matumbawe. Bahari ya kusi hupasukia kule nje, na maji yanayofika ufukweni huwa yameshachoka. Mbele ya ghuba ya Malindi ukuta huo haupo, na sababu ni Mto Sabaki. Mto huo huanza nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukifika Tsavo huitwa Galana, kisha humwagika baharini kilomita chache kaskazini mwa mji ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Matumbawe hutaka maji maangavu. Penye tope hayajengi. Ndiyo maana wimbi linalotoka bahari kuu huingia ghubani moja kwa moja na kuvunjika juu ya mafungu ya mchanga, na sehemu ya shehena iliyoyajenga mafungu hayo ni udongo uliochotwa na mvua huko juu, Machakos na kwingineko Ukambani. Wapo watu huko bara wanaolilia mashamba yao, na wapo watoto wa Malindi wanaoteleza juu yake.

Shida ya fungu la mchanga ni kwamba halikai. Wakati wa kaskazi tope la Sabaki husukumwa kusini, likaingia ghubani. Kusi ikishika, mkondo hugeuka na kulirudisha upande wa Mambrui na kwingine kaskazini. Mto ukifurika, kama ulivyofurika katika mvua za El Niño za 1997 na 1998, mafungu hupangwa upya kama vyombo vya nyumba inayohamwa. Anayeyajua ya mwaka jana anajua historia tu.

Babu alikuwa na kalenda mbili kichwani. Ya kwanza ilikuwa ya mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukipevuka, ni bamvua: maji hupwa kabisa kwenye saa nne za asubuhi na kujaa kwenye saa kumi za alasiri, tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, mpaka baada ya wiki yanafika maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayaji mbali. Kalenda ya pili ilikuwa ya Nairuzi, ile ya manahodha: mwaka wa siku 365 uliokatwa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za juu. Kwa hiyo aliweza kusema kusi kuu itakaza mwongo gani, na demani itaanza lini kuituliza. Mjukuu aliwahi kuletewa kijitabu cha majira ya maji cha Mamlaka ya Bandari, akakilinganisha na maneno ya mzee. Vilipishana kwa robo saa. "Kitabu kimechelewa," mzee alisema.

Redio ya nyumbani, Sauti ya Kenya wakati huo, ilikuwa na taarifa ya hali ya hewa pia. Mjukuu anaikumbuka kwa mvua za rasharasha na vipindi vya jua. Mawimbi hayakutajwa, au kama yalitajwa hayakuwahi kumfikia mlangoni.

Ila kulikuwa na siku ambazo hata mzee alishindwa. Siku moja ya Mei, upepo umelala, maji kama mafuta, ghuba iliumuka ghafla. Mawimbi marefu yaliyonyooka, moja baada ya jingine kwa nafasi kubwa, yalipanda juu ya fungu na kuvunjika kwa mshindo uliotikisa mabati. Mzee alitoka barazani akaenda kuona mwenyewe, jambo alilolifanya kwa nadra. Alisimama kwa muda mrefu. "Haya ni wageni," alisema. "Hayakuzaliwa hapa."

Alikuwa sahihi, na ilimchukua mjukuu miaka ishirini kujua kiasi gani. Mawimbi ya kila siku ya kusi huzaliwa na upepo wa karibu, na baina ya wimbi na wimbi hupita sekunde sita, saba au nane. Wageni wale hutoka mbali sana, kwenye dhoruba za bahari ya kusini chini ya Madagaska, ambako pepo za magharibi hazina nchi ya kuzizuia. Kundi la mawimbi yenye sekunde 14 katikati husafiri kama kilomita 39 kwa saa, karibu kilomita 940 kwa siku. Kutoka huko mpaka Malindi ni siku tano hivi. Mengi hayafiki, kwa sababu Madagaska imelala katikati ya njia kama mtu aliyelala kizingitini. Yanayofika ni yale yaliyopata upenyo upande wa mashariki. Siku ile ya Mei, dhoruba iliyoyazaa huenda ilikuwa imekwisha kufa.

Elimu ya kuyahesabu mambo haya ilizaliwa vitani. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilikuwa linajiandaa kushusha askari kwenye fukwe za Morocco, na mwanasayansi kijana, Walter Munk, aliona katika mazoezi kwamba mawimbi yakizidi mita moja na nusu hivi mashua za kushushia askari zinajaa maji. Akaangalia takwimu za Morocco wakati wa baridi: mawimbi yalikuwa yanazidi hapo mara kwa mara. Yeye na mwalimu wake, Harald Sverdrup, wakatunga njia ya kukisia wimbi kutokana na nguvu ya upepo, muda uliovuma na urefu wa maji uliopita juu yake. Njia hiyo ilitumika tena katika kutua Normandy Juni 1944. Mwaka 1963 Munk alipanga vituo kutoka kusini ya Pasifiki hadi Alaska akayafuatilia mawimbi yaliyotoka karibu na Antaktika yakavuka bahari nzima. Alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 101. Babu wa Shela hakuwahi kumsikia, ila wangeelewana.

Chumba cha intaneti kilifika mtaani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mjukuu, wakati huo kijana wa kazi za hoteli, alilipa kwa dakika na kungoja ramani ya rangi ifunguke kipande kwa kipande. Ndani yake kulikuwa na modeli ya Wamarekani, WAVEWATCH III, iliyogawa bahari zote za dunia katika miraba. Mraba mmoja ulikuwa na zaidi ya kilomita 100 kila upande. Kilifi, Watamu, Malindi na Mambrui ziliweza kulala humo pamoja zikapewa wimbi moja, kama familia inayokula sinia moja. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza aliweza kuwaona wageni wa Babu wakiwa bado njiani, siku nne kabla.

Aliyemfundisha kuisoma ramani alikuwa Mtaliano mmoja wa kuteleza kwa kaiti. "Usitazame mita," alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuchanganya. "Tazama sekunde." Mita moja yenye sekunde saba ni vurugu. Mita moja yenye sekunde 13 ina nguvu ya kuuinua ubao na mtu wake, ikawapeleka. Ushauri huo mjukuu anaushika mpaka leo, kuliko mwingi alioupata bure.

Mita nazo zilimfunza kwa njia yake. Asubuhi moja ya Julai ramani ilisema 1.5. Aliingia na ubao wa fibaglasi alioununua kwa mtalii aliyekuwa anarudi kwao, wa kwanza wa kweli kuumiliki. Nusu saa ilikwenda vizuri. Kisha mstari mweusi ulijitokeza nje, mrefu kuliko yote, na wimbi lililofika lilimzidi kimo akiwa amesimama. Lilivunjika mbele yake, likamtupa chini mchangani, na alipoibuka nusu ya ubao ilikuwa inaelekea Mambrui bila yeye. Maji yaliyokuwa yanarudi yakamvuta nje kupitia mlango baina ya mafungu mawili. Alichofanya ni kile Babu alichomfundisha akiwa mtoto: kutopigana nayo, kukata kwa pembeni sambamba na ufukwe mpaka mkono wa maji umwachie.

Ile 1.5 haikuwa imekosea. Tarakimu inayotolewa kwenye taarifa za mawimbi ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, ile ya yaliyo makubwa zaidi, kipimo kilichotokana na kazi ya Sverdrup na Munk kwa sababu ndicho kilicholingana na makisio ya macho ya mabaharia. Katika mamia ya mawimbi ya asubuhi moja, lipo litakalokaribia kuwa mara mbili yake. Mtu akiandikiwa 1.5 ajue mita 3 imo njiani. Saa tu ndiyo haikuandikwa.

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004 ni ya aina nyingine kabisa. Mwezi ulikuwa mpevu, kaskazi nyepesi, ufukwe umejaa watu wa Krismasi, na ramani ya mawimbi ilionyesha bahari ya watoto. Adhuhuri ilipopita, bahari ilirudi nyuma haraka ikaacha samaki na mashua zimelala ubavu, ikaja tena, ikarudi tena, kwa muda ambao hauna jina katika bamvua. Tetemeko la Sumatra lilikuwa limetokea muda wa saa tisa kabla. Askari waliwafukuza watu kwenye fukwe za Kenya, na maji yalikuwa bado hayajajaa. Nchini Kenya alifariki mtu mmoja, wakati upande wa pili wa bahari walikufa zaidi ya watu 200,000. Modeli ya upepo haina habari ya tetemeko. Babu alikuwa ameshafariki, na mjukuu anakiri kwamba mchana ule alijikuta akimtafuta barazani.

Siku hizi Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari upepo wa pwani unapotarajiwa kuzidi noti 25 na mawimbi kuzidi mita 2, na ujumbe hufika kwenye kundi la WhatsApp la BMU, kamati ya wavuvi ya ufukweni, kabla mvuvi hajamaliza chai. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoibuka, neno hilo lilikuwa geni kwa vijana wengi, maana karibu na ikweta vimbunga havipati mzunguko wa kutosha. Kilikwenda kufia upande wa Mafia, na Malindi iliguswa na ncha tu. Ila kila mtu alijua siku mbili kabla, jambo ambalo Waunguja wa Aprili 1872, waliopoteza majahazi na mikarafuu yao kwa kimbunga, hawakulipata.

Agosti iliyopita, alfajiri, mjukuu na binti yake walisimama ufukweni, upepo wa bara ukiwa bado unayalainisha maji. Ufukwe wenyewe umepanuka. Mtu hutembea zaidi siku hizi kuyafikia maji. Binti alisoma simu: mita 1.4, sekunde 10, kusi noti 8 mpaka saa tatu, kisha 18. Maji yanajaa.

"Mazuri," alisema.

Mbele yao mawimbi yalikuwa yanavunjika yote kwa pamoja, mstari mzima, hakuna pa kupita. Fungu la mwaka jana halikuwepo. Baba alichuchumaa, akatazama mahali tope la mto linapokutana na maji ya kijani, kisha akafumba macho. Binti alifungua mdomo kuuliza, akanyamaza.

"Linavunjika vizuri kule," baba alisema na kuonyesha upande wa Sabaki. "Hatua mia tatu hivi."

Zilikuwa karibu mia tano. Walikokota mbao zao mchangani, na binti alizihesabu kwa sauti njia nzima.