Kistari Kwenye Jina

Najitolea kuandikisha wapigakura Clarkston, mji mdogo ubavuni mwa Atlanta, jimbo la Georgia. Wakimbizi wengi kutoka Kongo wamehamia huku, na Kiswahili hukisikia dukani na kanisani. Mtu akishaapishwa kuwa raia wa Marekani hunijia na cheti chake, amevaa vizuri, nami namsaidia kujaza fomu.

Tatizo huanzia kwenye jina. Cheti cha uraia kina kistari, leseni ya udereva haina. Jina kama Ng'ang'a hupoteza alama zake. Hadi mwaka 2019, kompyuta ilipokuta tofauti hiyo, maombi yalisimama.

Mwaka 2018, kabla ya uchaguzi wa gavana, maombi yapatayo 53,000 yalikuwa yamekwama Georgia, mengi kwa sababu hiyo. Karibu asilimia 70 yalikuwa ya watu weusi, ilhali weusi ni kama theluthi moja tu ya wakazi. Brian Kemp, ambaye ofisi yake ndiyo iliyosimamia daftari, alikuwa pia mgombea, na alimshinda Stacey Abrams kwa kura takriban 55,000. Kweli, aliyekwama aliruhusiwa kupiga kura akionyesha kitambulisho. Lakini mtu aliyekimbia serikali moja, akipata barua ya serikali nyingine kwamba jina lake lina dosari, haendi kituoni kubishana. Mama mmoja niliyemsihi aende alinijibu, "Mwanangu, mimi sitaki matata na serikali." Sikuweza kumlaumu.

Kanuni ile ya kulinganisha majina haitaji rangi ya mtu popote. Ndiyo maana inanikera zaidi: ubaguzi wa zamani ulionekana, huu unajificha kwenye makaratasi. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 iliyataka majimbo yenye historia hiyo, Georgia likiwemo, yaombe kibali Washington kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Mwaka 2013, katika kesi ya Shelby County, Mahakama ya Juu ikayaondolea sharti hilo. Sasa kanuni hupitishwa kwanza, kesi hufuata, na uchaguzi hausubiri hukumu.

Ndugu yangu uliyepata uraia, weka cheti na leseni mezani, ulinganishe jina herufi kwa herufi, na kama yanatofautiana rekebisha mapema. Georgia hufunga uandikishaji Jumatatu ya tano kabla ya siku ya kura.